Jawabu Sahihi, Dhana Potofu: Hisabati ya Msingi Katika Vyuo vya Ualimu

Dhana potofu katika hisabati ni uelewa ambao mwanafunzi ameujenga mwenyewe kutokana na mifano aliyoiona na kanuni alizofundishwa, ukawa na mantiki yake na ukampa majawabu sahihi mara nyingi, lakini ambao hauafikiani na maana ya dhana yenyewe inapotazamwa kwa mapana yake. Hali hiyo ni tofauti na kosa la bahati mbaya. Anayeandika kuwa 7 mara 8 ni 54 kwa sababu ya haraka hujisahihisha mara tu anapotakiwa kuirudia kazi yake, ilhali anayeamini kuwa kuzidisha lazima kuongeze atalirudia kosa lake kila litakapopata nafasi, na akiulizwa atakuwa na hoja za kulitetea. Watafiti wa elimu wamezichunguza dhana za namna hii kwa watoto wa shule kwa miongo mingi. Walipowageukia walimu tarajali, yaani wale walio vyuoni wakijiandaa kufundisha, walizikuta dhana zilezile, zikiwa zimekomaa kwa umri na kufichwa na ufaulu.

Nchini Tanzania suala hili lina uzito wa pekee. Katika mitihani ya kidato cha nne ya mwaka 2018 hadi 2022, waliofaulu Hisabati walikuwa takriban asilimia 20 tu ya watahiniwa, na vyuo vya ualimu huwapokea wanachuo wao kutoka katika mkondo huohuo wa wahitimu. Mwanachuo anayesomea ualimu wa shule ya msingi anaweza kupangiwa somo la hisabati mara tu anaporipoti kituo chake cha kazi, awe alilipenda somo hilo au alilikimbia. Takwimu hizo huzua lawama upesi, na lawama humwangukia mwalimu, ambaye huitwa mvivu au asiye na uwezo. Uchunguzi wa dhana zenyewe, moja baada ya nyingine, unaonyesha jambo jingine kabisa: mwalimu tarajali hafiki chuoni akiwa mtupu, bali hufika na maarifa ya kweli ambayo ameyavusha mipaka yake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mipaka hiyo ipo.

Mfano unaoidhihirisha hali hiyo kwa uwazi zaidi ni ugawanyaji wa sehemu, yaani namba kama nusu au robo tatu zinazoandikwa kwa kiasi juu na asili chini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtafiti wa Marekani, Deborah Ball, aliwapa walimu tarajali swali lionekanalo jepesi: waitafakari hesabu ya 1¾ kugawanya kwa ½, kisha watunge hadithi au hali ya maisha inayoonyesha maana ya tendo hilo. Liping Ma, mtafiti aliyekulia China, alichambua majibu ya swali hilohilo kutoka kwa walimu wa nchi hizo mbili katika kitabu chake cha mwaka 1999, na matokeo yake yametajwa tangu hapo kila panapojadiliwa maandalizi ya walimu. Kati ya walimu 23 wa Marekani, 21 walijaribu kukokotoa na 9 tu ndio waliofika kwenye jawabu sahihi, ilhali walimu wote 72 wa China walilipata. Upande wa hadithi hali ilikuwa ngumu zaidi, kwani ni mwalimu 1 tu kati ya wale 23 aliyetunga hadithi yenye maana sahihi, na 10 miongoni mwa wenzake walichanganya kugawanya kwa ½ na kugawanya kwa 2.

Mkanganyiko huo unastahili kutazamwa kwa karibu. Anayesema kwamba kilo 1¾ za unga zimegawiwa sawasawa kwa majirani wawili ameeleza kugawanya kwa 2, na kila jirani atapata chini ya kilo moja. Kugawanya kwa ½ ni swali jingine: ikiwa unga huo unafungwa katika mifuko ya nusu kilo, itapatikana mifuko mingapi? Mifuko mitatu itajaa na kutumia kilo moja na nusu, kisha itabaki robo kilo. Hapa ndipo hata wale waliotunga hadithi sahihi hunaswa, kwa sababu wengi hutazama robo kilo iliyobaki na kutangaza kuwa jawabu ni mifuko 3 na robo, ingawa kanuni waliyoikariri inawapa 3½. Ukweli ni kwamba swali halikuuliza kilo bali mifuko, na robo kilo ni nusu ya mfuko wa nusu kilo. Sehemu haina maana mpaka ijulikane ni sehemu ya kitu gani, na mwanachuo asiyelishika jambo hili hawezi kumsaidia mtoto wa darasa la tano anayeshangaa kuona jawabu la kugawanya likiwa kubwa kuliko namba iliyogawanywa.

Kanuni yenyewe ya kugeuza sehemu ya pili kisha kuzidisha hufundishwa katika shule nyingi kama amri isiyo na sababu. Sababu yake ipo na ni nyepesi. Kilo moja ya unga hujaza mifuko miwili ya nusu kilo, kwa hiyo kilo 1¾ hujaza mifuko 2 mara 1¾, ambayo ni 3½. Ndiyo maana kugawanya kwa nusu na kuzidisha kwa 2 huleta jawabu moja. Maelezo hayo hayahitaji aljebra wala kifaa cha maabara. Ni jambo la kusikitisha kwamba mtu anaweza kusoma hisabati kwa miaka 11, kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne, akakokotoa mamia ya maswali ya sehemu na kuwekewa vema, bila kuyasikia maelezo hayo hata mara moja.

Efraim Fischbein na wenzake walieleza mwaka 1985 chanzo cha matatizo ya aina hii. Kila tendo la hesabu, kwa maoni yao, hubaki limefungamana na picha ya kwanza ambayo mtoto alifundishiwa. Kuzidisha hufungamana na kujumlisha kwa kurudia, kama vile mafungu matatu ya machungwa manne, na kugawanya hufungamana na kugawiana vitu kwa usawa. Katika picha hizo kuzidisha huongeza na kugawanya hupunguza, na kwa namba nzima zinazozidi 1 hilo ni kweli tupu. Dina Tirosh na Anna Graeber walipowachunguza walimu tarajali wa shule za msingi nchini Marekani, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1989, walikuta wengi wakiamini waziwazi kwamba jawabu la kugawanya lazima liwe dogo kuliko namba inayogawanywa, ingawa watu haohao waliweza kukokotoa hesabu za desimali ambazo majawabu yake yanaikanusha imani hiyo. Mkono ulifuata kanuni na akili ikabaki na picha ya zamani, na vitu hivyo viwili havikuwahi kukutanishwa.

Katika desimali namba nzima huendelea kutawala mahali pasipo pake. Mwenye kuamini kuwa 0.45 ni kubwa kuliko 0.6 amezisoma tarakimu za kulia kwa nukta kama namba nzima, akaona 45 inaizidi 6. Kundi jingine huamini kinyume chake, kwamba desimali fupi daima ndiyo kubwa, kwa hoja kuwa sehemu za mia ni ndogo kuliko sehemu za kumi, na kwa hiyo 0.47 huonekana ndogo kuliko 0.3. Kaye Stacey na watafiti wenzake wa Australia, waliozichambua fikra hizi kwa miaka mingi, walizikuta kwa walimu tarajali pia, na baadhi yao walibabaika hata walipotakiwa kulinganisha 0.6 na sifuri. Kanuni inayosema kuwa kuzidisha kwa 10 ni kuongeza sifuri mwishoni, ambayo ni sahihi kwa 25 kuwa 250, huzaa dai kwamba 2.5 mara 10 ni 2.50, yaani namba ileile iliyovaa sifuri ya ziada. Wapo pia wanaosoma mita 1.5 kama mita moja na sentimita 5, au saa 1.5 kama saa moja na dakika 50, kwa kuwa wanaiona nukta kama ukuta kati ya namba mbili nzima badala ya alama inayoonyesha mahali mamoja yanapoishia.

Kwa msomaji aliyepitia shule ya msingi ya Tanzania, dhana potofu iliyo karibu zaidi pengine ni ile iliyojificha ndani ya MAGAZIJUTO. Neno hilo limeundwa kwa silabi za mwanzo za mabano, gawanya, zidisha, jumlisha na toa, ili kumkumbusha mwanafunzi mpangilio wa kufuata anapokutana na hesabu yenye matendo mengi. Limewasaidia watoto wengi, na hakuna sababu ya kulidharau. Hata hivyo, anayelifuata neno kwa neno atafanya kujumlisha kabla ya kutoa kila mara. Katika hesabu ya 10 − 4 + 3 atajumlisha kwanza 4 na 3 kupata 7, kisha atatoa 7 katika 10 na kuandika 3, ilhali jawabu sahihi ni 9. Kosa lake ni kwamba amezitoa 4 na 3 zote mbili, wakati alama ya kutoa ilihusu 4 peke yake na ile 3 ilikuwa ya kuongezwa. Utaratibu uliokubalika katika hisabati ni kwamba kujumlisha na kutoa vina daraja moja, na vinapofuatana hufanywa kwa kuanzia kushoto kwenda kulia. Hali ni hiyohiyo kwa kugawanya na kuzidisha.

Jambo la kuvutia, ambalo lingefaa kuwa somo zima katika kila chuo cha ualimu, ni kwamba nusu ya kwanza ya kanuni hiyo haina madhara na nusu ya pili inayo. Kutanguliza kugawanya kabla ya kuzidisha hakumpotezi mtu: 12 × 6 ÷ 3 huleta 24 hata 6 ikigawanywa kwanza kwa 3, na 24 ÷ 4 × 2 huleta 12 kwa kuwa kugawanya ndiko kunakoanza upande wa kushoto. Kwa kujumlisha na kutoa mpangilio umekaa vibaya. Lau silabi mbili za mwisho zingepangwa kinyume, kutoa kukatangulia kujumlisha, 10 − 4 + 3 ingekuwa 6 + 3, yaani 9, na mwanafunzi asingepotea. Mwanachuo anayeweza kueleza tofauti hiyo kati ya nusu mbili za kanuni ameielewa hisabati iliyo chini yake. Anayeweza kulitamka neno lenyewe tu ameelewa neno. Ikumbukwe pia kwamba tatizo haliishi kwa walimu wanaotumia Kiswahili, kwani kifupisho cha Kiingereza cha BODMAS, kinachotumika Kenya na kwingineko, kimepanga matendo hayo manne kwa mtindo uleule na huzaa kosa lilelile.

Kutoa kwa kukopa nako kuna mtego wake. Mtoto anayekokotoa 52 − 27 na kuandika 35 ametoa tarakimu ndogo katika kubwa kwa kila safu, bila kujali ipi iko juu: 7 toa 2 ni 5, na 5 toa 2 ni 3. Walimu tarajali wengi hulibaini kosa hilo, lakini marekebisho yao huishia katika maneno mawili: kwamba 7 haiwezi kutoka katika 2, na kwamba inabidi kukopa 1 kwa jirani. Maneno yote mawili yana kasoro. La kwanza hukanushwa miaka michache baadaye mtoto huyohuyo anapofundishwa namba hasi na kuambiwa kuwa 2 toa 7 ni −5. La pili huificha thamani ya nafasi, kwa maana kinachokopwa ni kumi zima. Namba 52, ambayo ni makumi 5 na mamoja 2, imepangwa upya kuwa makumi 4 na mamoja 12, na thamani yake haikubadilika hata kidogo. Mtoto aliyeonyeshwa hivyo, kwa vijiti vilivyofungwa kumikumi na kisha fungu moja kufunguliwa mbele yake, ana kitu cha kushika anaposahau kanuni.

Alama ya sawasawa huleta udanganyifu wa kimyakimya zaidi. Maana yake ni kwamba thamani ya upande wa kushoto na ile ya upande wa kulia ni moja, lakini wengi huichukulia kama agizo la kuandika jawabu. Kwa sababu hiyo swali la 8 + 4 = □ + 5, ambalo watafiti wa Marekani waliwapa watoto katika miaka ya 1990, hujibiwa kwa 12 au 17 badala ya 7. Si ajabu kuona ubaoni, kwa mkono wa mwalimu mwenyewe, mstari unaosema 3 + 5 = 8 × 2 = 16, ambao kwa maana yake halisi unadai kuwa 3 na 5 ni 16. Mwalimu anajua alichokusudia, lakini mtoto hukinakili kama kilivyo, na atakapofika kwenye milinganyo ya aljebra katika sekondari atashindwa kuelewa kwa nini kitu kifanywe pande zote mbili.

Katika jometri, picha za vitabu ndizo zinazofundisha mambo yasiyokusudiwa. Mstatili huchorwa daima ukiwa mrefu kuliko upana wake, mraba huchorwa ukisimama kwa upande wake, na pembetatu hulazwa kwa kitako chake chini. Matokeo yake ni kwamba mwanachuo hukataa kuwa mraba ni aina ya mstatili, ingawa anaikariri maana ya mstatili kuwa ni umbo la pande nne lenye pembe zote za nyuzi 90, na mraba unazo zote. Akipewa pembetatu yenye pembe butu, hushindwa kuuona mstari wa kimo unaoangukia nje ya umbo.

Mzingo, ambao ni jumla ya urefu wa pande za umbo, na eneo, ambalo ni ukubwa wa nafasi iliyo ndani yake, huaminika kwenda pamoja, kwamba kimoja kikikua na kingine hukua. Kamba ya mita 24 yatosha kuivunja imani hiyo. Ikizungushiwa bustani ya mita 11 kwa 1, eneo ni mita za mraba 11. Ikizungushiwa ya mita 10 kwa 2, eneo ni 20. Ikizungushiwa mraba wa mita 6 kwa 6, eneo ni 36. Kinyume chake, shamba la mita 20 kwa 1 lina mzingo wa mita 42, unaouzidi kwa mbali mzingo wa ule mraba, lakini eneo lake ni mita za mraba 20 tu. Anayenunua kiwanja kwa kuhesabu hatua za kukizunguka huenda akalipia umbo jembamba kwa bei ya umbo pana.

Kugawanya kwa sifuri hutajwa hapa kwa ufupi kwa sababu maelezo yake ni mafupi. Wapo wanaosema kuwa 7 ÷ 0 ni 0, wapo wanaosema ni 7, na walio wengi husema haiwezekani bila kujua kwa nini. Kugawanya ni kutafuta namba ambayo ikizidishwa kwa kigawanyo italeta namba iliyogawanywa, na hakuna namba ambayo ikizidishwa kwa 0 italeta 7. Basi.

Nchini Canada, Rina Zazkis na Stephen Campbell walichapisha mwaka 1996 uchunguzi unaoeleza vizuri jinsi ukokotoaji unavyoweza kuziba macho. Waliwapa walimu tarajali wa shule za msingi namba iliyoandikwa kama 3³ × 5² × 7, wakawauliza kama inagawanyika kwa 7. Jawabu liko wazi katika maandishi yenyewe, kwa kuwa 7 ni mojawapo ya vigawo vilivyozidishwa. Hata hivyo, baadhi yao hawakuweza kujibu mpaka walipozidisha zote kupata 4,725 na kisha kuigawanya kwa 7. Majawabu yao yalikuwa sahihi, na mtihani wa kawaida ungewapa alama zote, wala usingegundua kwamba uhusiano kati ya kuzidisha na kugawanyika haukuwapo akilini mwao.

Swali linalofuata ni kwa nini dhana hizi zidumu kwa mtu aliyefika chuoni. Sehemu ya jibu ilitolewa na mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alipoeleza kuwa ualimu hutofautiana na taaluma nyingine kwa sababu anayeuingia ameshatumia maelfu ya saa akiwatazama walimu wakifanya kazi yao. Ameyaona yanayotendeka mbele ya ubao, lakini hakuziona sababu za kuchagua mfano huu na kuuacha ule. Anapokabidhiwa darasa, hurudi kwa yale aliyoyaona, na kile alichofundishwa chuoni kwa muda mfupi hufunikwa na kile alichokitazama kwa miaka mingi. Hivyo dhana potofu hupita kutoka kizazi hadi kizazi cha walimu bila mtu yeyote kukusudia kuzirithisha.

Historia ya nchi nayo imechangia. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Tanzania ilitaka kila mtoto apate nafasi shuleni kwa haraka, na walimu wengi wakaandaliwa kwa mafunzo ya muda mfupi huku wakiwa tayari wanafundisha. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, maarufu kama MMEM, ulipoanza mwaka 2002 na wanafunzi kufurika madarasani, mahitaji ya walimu yalipanda tena kwa kasi. Uamuzi wa kuwapa watoto wote elimu ulikuwa wa haki na unastahili heshima. Gharama yake ilikuwa kwamba vyuo vililazimika kuchukulia hisabati ya shule ya msingi kama kitu ambacho mwanachuo anakijua tayari, vikatumia muda mchache uliokuwapo kwa mbinu za kufundisha, maandalio ya somo, maazimio ya kazi na utengenezaji wa zana. Kuongezea hapo, mwanachuo alijifunza sehemu na desimali kwa Kiswahili, akasoma hisabati ya sekondari kwa Kiingereza, kisha akatakiwa kurudi kueleza kwa Kiswahili mambo ambayo hajayajadili kwa lugha hiyo tangu alipokuwa mtoto.

Mwaka 1986 Lee Shulman, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, alipinga utengano huo wa maudhui na mbinu. Alieleza kuwa yako maarifa ya aina ya tatu, yaliyo mali ya mwalimu pekee: kujua mada ni ngumu kwa sababu gani, wanafunzi huja nayo wakiwa na fikra zipi, na ni mfano gani utakaowafungulia njia. Mhandisi anaihitaji hisabati lakini hahitaji kujua kwa nini mtoto ameandika 35. Mwalimu analihitaji jambo hilo kila siku, na kwa mtazamo huu kujua dhana potofu ni sehemu ya taaluma yenyewe.

Njia ya kuzirekebisha inajulikana, ingawa si ya mkato. Kumwambia mwanachuo kwamba amekosea na kumpa kanuni sahihi hakutoshi, kwa kuwa dhana yake ya zamani haikuondolewa, imewekewa tu jirani. Mkufunzi hodari humtaka kwanza atabiri jawabu na kulitetea mbele ya wenzake, ndipo humletea mfano unaogongana na utabiri huo, na baada ya mgongano humsaidia kuona dhana yake ilikuwa sahihi katika eneo gani na ilivuka mpaka wapi. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ikirukwa mwanachuo huutunza mfano ule kama jambo la kipekee na kuiacha imani yake ikiwa salama. Daftari halisi la mtoto mwenye 52 − 27 = 35, likiwekwa mezani kwa dakika 40, na wanachuo wakatakiwa kueleza mtoto alifikiri nini, ataandika nini kwa 63 − 38 ikiwa anafikiri hivyohivyo, na aulizwe swali gani, lina faida kuliko mhadhara wa wiki nzima. Kwa hesabu hiyo ya pili, wakigundua wenyewe kuwa ataandika 35 tena, watakuwa wameanza kuisoma akili ya mtoto badala ya kuisahihisha karatasi yake tu.

Nafasi za kufanya hivyo zipo tayari. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, ambayo wanachuo wengi huyaita BTP, mkaguzi anaweza kuacha kidogo kuhesabu zana na kuangalia mpangilio wa ubao, akauliza ni swali gani la mwanafunzi lililomshangaza mwalimu tarajali na alilijibuje. Kwa walimu waliokwisha kuajiriwa, utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaojulikana kwa kifupi kama MEWAKA, umewapa nafasi ya kukutana shuleni kwao na kujadili mada zinazowatatiza. Mikutano hiyo huwa na manufaa pale tu ambapo mwalimu anaweza kukiri mbele ya wenzake kwamba hajui kwa nini sehemu ya pili hugeuzwa, asichekwe wala kuripotiwa. Watunga mitihani ya vyuo nao wana deni, maana swali linalotaka jawabu peke yake halitaigundua kamwe dhana potofu inayoleta jawabu sahihi, na mwanachuo husoma kile anachojua kitaulizwa.

Kila karatasi ya mtihani wa hisabati katika chuo cha ualimu inapaswa kumtaka mwanachuo aeleze sababu ya kanuni moja walau na achambue kosa la mtoto mmoja walau, na maswali hayo yabebe alama nyingi zaidi kuliko ya kukokotoa. Mwanachuo asiyeweza kuyajibu hajawa tayari kukabidhiwa darasa, hata kama matokeo yake mengine ni ya kujivunia, na chuo kitakachomtunuku cheti bila kumuuliza ndicho kitakachowajibika kwa watoto atakaowafundisha.